Mzee Lokaale wa Plasta na Ngamia Aliyesingiziwa

Tarehe 31 Machi 2026 Bwana Ewesit Lokaale, fundi mkuu wa plasta, anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mitano na mwezi mmoja. Mhariri wa jarida hili amenipa kurasa chache pamoja na onyo: nisimfanye mzee alie mbele ya wageni. Kurasa nimezipokea. Hilo la pili siwezi kuliahidi.

Chumba cha plasta kiko mwisho wa korido, mkabala na eksirei. Mlango wake una alama za vidole vyeupe ambazo wapaka rangi wamezifuta mara nne, na mara nne zimerudi kabla rangi haijakauka vizuri. Humo wamepita watu wa mitaa ya hapa Isiolo kama Wabera na Kiwanjani, wa Kipsing huko malishoni na kwingineko, wengine wamebebwa kwa blanketi, wengine wakirukaruka kwa mguu mmoja, na karibu wote wametoka wakimwita daktari. Kila mara huwasahihisha kwamba yeye si daktari, ni fundi. Ila nimeona kwa macho yangu kwamba madaktari wetu wakikutana na mfupa mkaidi, hutuma mtu akamwite fundi.

Alizaliwa upande wa Ngaremara katika familia ya wafugaji, akasomea kazi yake Nairobi, akaripoti hapa Februari 1991 akiwa na miaka ishirini na mitano na suruali mbili. Siku hizo bandeji za plasta hazikuja tayari kama sasa. Alizitengeneza mwenyewe: anakunjua shashi mezani, anasugua unga wa plasta kwa kiganja, anaviringisha, kisha anazihifadhi kwenye mikebe ya maziwa ya unga zisipate unyevu. Mkewe, Mama Nakuam, husema kwamba mwaka wao wa kwanza wa ndoa majirani wa Kiwanjani walidhani ameolewa na mwokaji mikate, kwa vile mumewe alirudi kila jioni akiwa na unga hadi kwenye nyusi.

Mimi niliingia hapa mwaka 2012 kama muuguzi wa chumba cha dharura, na wiki yangu ya kwanza ndiyo niliyomfahamu. Alikuwa anataka kumkata plasta mzee mmoja wa Kipsing. Msumeno wa plasta unapiga kelele za kutisha, lakini unatikisika tu, haukati ngozi. Kuthibitisha hilo, Lokaale ana desturi ya kuuweka kwanza kwenye kiganja chake mwenyewe. Mzee yule akatazama, akatikisa kichwa, akasema kiganja cha mwenye dawa si ushahidi. Uwekwe kwa huyu msichana mgeni. Nilinyoosha mkono nikiwa nimefumba macho na kusoma kila dua niliyoikumbuka. Mkono ninao hadi leo, na ndio unaoandika haya.

Katika miaka yake kumi na saba ya kwanza, Mzee Lokaale aliwafunga wapanda pikipiki wanne tu, na mmoja wao alikuwa padri. Wengi walikuwa wachungaji waliopigwa teke na mifugo na watu walioanguka kutoka juu ya malori ya ng'ombe. Kisha, kuanzia mwaka 2008 hivi, pikipiki zikawa nyingi na mji ukabadilika. Walimu, wagonjwa, mbuzi, miraa, kila kitu kikapanda bodaboda. Maziwa ya ngamia, ambayo zamani yaliyangojea malori, nayo yakaanza kufika mjini asubuhi katika mitungi ya plastiki iliyofungwa ubavuni mwa pikipiki, kwa njia za mifugo na kwa kuvuka malaga, yaani ile mito yetu mikavu ya mchanga inayopata maji siku chache tu kwa mwaka.

Mchanga wa laga hauna haja ya mpinzani. Gurudumu la mbele linazama, mpanda pikipiki anatoa mguu wa kushoto ajizuie, mguu unazama nao, pikipiki inaendelea, mwili unageuka, na mguu umebaki pale pale. Hapakuwa na gari, wala mti, wala jiwe. Kifundo cha mguu kinavunjika hata hivyo, na kinavunjika vibaya kuliko watu wanavyodhani. Nimewaona vijana wenye nguvu wakilia kwa jeraha walilopata pikipiki ikienda mwendo wa baiskeli.

Mguu huo wa kushoto ndio wa kubadilishia gia. Kwa hiyo wiki ya tatu plasta zilikuwa zikirudi zimekatwa kwa kisu upande wa vidole, na mwenye mguu anaapa kwamba ni panya. Mzee Lokaale hakugombana na mtu. Alifunga plasta upya, kisha juu yake akamwandikia panya huyo barua ya onyo kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa, kila abiria aisome. Panya wakapungua mjini.

Lakini kulikuwa na uongo mwingine ambao barua haikuutibu. Wenzetu wa bodaboda wana desturi yao: anayegongwa na gari huchangiwa na kutembelewa, anayeanguka peke yake huitwa Gunia. Jina hilo halifutiki. Utaitwa Gunia stejini, pale bodaboda zinapongojea abiria, utaitwa Gunia kwenye harusi yako, na abiria watakuuliza kama leo utasimama wima. Kwa wabeba maziwa mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu maziwa yaliyomwagika yana mwenyewe. Ukisema umeanguka, kesho mitungi inapanda pikipiki ya mwingine. Kusingizia gari nako kuna shida, gari lina namba na dereva atatafutwa. Wakatafuta wa kumsingizia asiye na namba wala mdomo wa kujitetea. Wakasingizia ngamia.

Niliwahi kupekua kitabu chetu cha majeruhi cha mwaka 2016. Waliogongwa na ngamia walikuwa thelathini na wanane. Kama ngamia wa Isiolo wangekuwa na tabia hiyo kweli, tungeshawafunga taa za breki. Na kwa kuwa kitabu hicho hakikuwa na mahali pa kuandika ajali isiyogonga kitu, hata yule mmoja au wawili waliosema ukweli waliandikwa tu kwamba wameanguka, wakachanganywa na watoto waliodondoka kitandani. Mtu yeyote aliyetaka kujua kwa nini vijana wetu wanavunjika miguu angesoma kitabu chetu na kuondoka akiwachukia ngamia.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu wa mstaafu kwa kawaida huparuka. Mzee Lokaale alikosea. Ameniambia nisipoliandika hili hatahudhuria sherehe, na mbuzi wameshalipiwa. Mwenzake katika habari hii, Bwana Duba, mbeba maziwa, naye ameniruhusu nimtaje. Nilimuuliza mara tatu, akanijibu mara tatu.

Ilikuwa Septemba 2017, ukame umekaza. Duba aliletwa na wenzake, kifundo cha kushoto kimevimba, kutoka kivuko cha laga kwenye njia ya Kipsing. Foleni ilikuwa imefika eksirei. Mzee aliuliza kilichotokea, Duba akasema ngamia, na mzee akaandika: amegongwa na ngamia. Alimfunga vizuri, kama afanyavyo siku zote. Wiki iliyofuata baba yake Duba alikuja kuomba barua ya matibabu. Mzee alinakili kutoka kitabuni, akatia sahihi na mhuri, akaenda kunywa chai.

Barua ile haikutaja ni ngamia wa nani, na haikuwa na haja. Kwenye kivuko kile, ngamia waliojulikana kupita walikuwa wa Mama Asho, mjane wa Kiwanjani aliyekuwa akiuza maziwa mjini huku kaka yake akimchungia wanyama upande wa Kipsing. Wazee wa pande zote mbili walikaa. Neno la Duba pekee lingebishaniwa hadi magharibi, lakini karatasi ya hospitali yenye mhuri nani ataibishia? Waliamua Asho atoe ngamia jike mwenye maziwa kuifariji familia ya Duba kwa ule mguu. Kwa ukame ule alikuwa na majike wawili tu waliokuwa wakitoa maziwa ya maana, na aliyechukuliwa ndiye aliyekuwa akiwalisha watoto wake wanne.

Asho alikuja hospitalini siku tatu baadaye. Nilikuwa ndani ya chumba cha plasta nimeshika trei, nikitamani niwe kwingine. Alitoa salamu, akakataa kiti, akauliza: "Wewe ndio unaandika hii kitabu?" Mzee akaitika. "Wewe uliona ngamia yangu ikigonga mtu?" Mzee akasema hapana, hakuona. "Sasa kwa nini umeandika?" Hakupaza sauti. Alisubiri jibu kama mtu anayesubiri chenji yake, kisha akafunga vizuri ushungi wake akaondoka.

Mzee Lokaale alienda eksirei akaitoa picha ya Duba, akaiinua dirishani. Mimi niliona mfupa uliovunjika. Yeye aliona zaidi, kwa sababu amekulia zizini. Ngamia akiuma, huuma mkono au bega. Akipiga teke, huvunja paja au mbavu. Mfupa ule ulikuwa umesokotwa, kama mguu uliokwama chini na mwenyewe akageuka. Aliniambia kwamba hata siku ya kwanza alilijua hilo, mikono yake ililijua alipokuwa anafunga, lakini foleni ilikuwa ndefu na kuandika lile neno kulikuwa rahisi. Kisha akasema sentensi ambayo sijaisahau: "Farhiya, hiyo ngamia haikuchukuliwa na wazee. Imechukuliwa na kalamu yangu."

Alimwita Duba, akamwonyesha picha wakiwa wawili tu. Duba aliitazama kwa muda mrefu, akasema ngamia. Sasa mzee afanye nini? Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Picha ile hakuweza kuipeleka kwa wazee, wala kusema ilichoonyesha. Kilichokuwa chake ni neno lake peke yake. Akaamua kwenda kulirudisha.

Aliomba ruhusa ya siku moja, akavaa shati jeupe la Jumapili, akapanda bodaboda kwenda Kipsing ambako wazee walikuwa wamekubali kukaa tena. Na kwenye kivuko kile kile, mbele ya mashahidi ambao ni kichaka na ndege wawili, gurudumu la mbele likazama. Kijana aliyekuwa akiendesha akatoa mguu wa kushoto. Fundi wa plasta mwenye uzoefu wa miaka ishirini na sita, ambaye ameshawafunga mamia ya watu kwa kosa hilo hilo, naye akiwa nyuma akatoa wake. Kijana alipona. Mguu wa mzee ukalia ka!

Alifika mbele ya wazee akiwa ameshikiliwa kwapani, mchanga kwenye masikio. Walimpa kigoda. Aliwaambia kwamba aliandika jambo ambalo hakuliona, kwamba karatasi ile ni kosa lake na anaitaka irudi mikononi mwake. Halafu akawaonyesha mguu wake ukizidi kuvimba, akauliza: "Mimi nimevunjika sasa hivi kwa hiyo laga yenu. Nani ameona ngamia?" Wazee walicheka hadi mmoja akapaliwa na tumbaku. Wakampa karatasi yake. Lakini wakasema pia, na kwa haki yao, kwamba karatasi imeondoka, neno la kijana bado liko, na Duba ndiye aliyekuwepo. Macho yote yakamgeukia Duba aliyekaa kando ya baba yake. Duba akatazama chini. Ngamia akabaki alipokuwa.

Mzee alirudi akiwa ameshindwa, na kwa mara ya kwanza alilala upande wa pili wa meza yake. Kwa kuwa fundi mwenzake alikuwa likizo, plasta nilimfunga mimi. Alinifungulisha mara mbili. Alilalamika maji ni ya baridi, kwamba kunjo zimekaa kama chapati, kwamba kisigino nimekisahau. Akakaa nyumbani wiki tatu, ndiyo likizo yake pekee ya ugonjwa kwa miaka yote thelathini na mitano.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine kidogo, na ninasema hivyo kwa heshima. Kwanza alienda stejini kwa magongo akajitangaza: yeye ni Gunia, Gunia wa kwanza wa hospitali, na anayetaka kumcheka acheke sasa kabla hajavunjika na kuletwa kwake. Wakacheka. Kisha wakaanza kumwita Mzee Gunia kwa upendo, na jina lile likaanza kupoteza meno. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na yeye aliamua aanze kujifunua mwenyewe.

Pili, alichukua rula akapiga mstari katika kitabu. Safu mpya: aligonga nini? Na jibu moja lililoruhusiwa waziwazi lilikuwa: hakugonga kitu. Swali hilo aliliuliza mlango ukiwa umefungwa, ndugu na wenzake wa mgonjwa wakiwa nje, naye akianza kwa kusimulia alivyoanguka yeye. Mwezi wa kwanza ngamia walishuka kutoka watano hadi mmoja, na huyo mmoja alikuwa amemuuma mtu kweli. Ofisi ya kumbukumbu ilimuuliza nani amemruhusu kuongeza safu. Aliwaonyesha rula.

Safu ile ilitufundisha mengi. Tuligundua kwamba nje ya lami, wengi wa waliovunjika hawakuwa wamegonga chochote, na wengi wao walianguka kwenye vivuko vitatu tu. Tuligundua kosa la kutoa mguu. Tukagundua pia jambo la maziwa. Kina mama wetu hawachanganyi maziwa ya nyumba moja na ya nyingine, kila nyumba na mtungi wake, na wakati wa kiangazi mitungi inakuja nusu. Maziwa nusu mtungi hayatulii. Pikipiki ikiingia mchangani yanacheza upande mmoja na kuivuta. Mzee alienda kwa kina mama hao. Hakuwaambia waache desturi yao. Aliwaomba tu wanunue mitungi midogo inayojaa hadi shingoni. Walikubali, wakashangaa kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwa miaka minane, alisimama stejini Wabera akafundisha: punguza mwendo kabla ya mchanga wala si ndani yake, mzigo uwe chini, vaa kiatu kinachofunika kifundo, na miguu yote miwili ibaki juu ya vyuma hata moyo ukikuambia uitoe. Pikipiki ikitaka kuanguka, iache ianguke. Kiangazi kilichopita, waliovunjika vifundo katika njia ya Kipsing hawakufika nusu ya wale wa mwaka 2018, ingawa pikipiki zimeongezeka. Sisi wa chumba cha dharura tunaijua tofauti hiyo kwa uchovu wa miguu yetu.

Katika miaka hiyo yote Mzee Lokaale alikutana na Mama Asho mara nyingi, kwa kuwa wote ni wa Kiwanjani. Alisalimiwa vizuri. Lakini kila alipojaribu kulizungumza lile jambo, Asho alimjibu kwa maneno yale yale: "Wewe ulisema ukweli, Mungu akulipe. Lakini ngamia haijarudi." Mwenye kovu usidhani kapoa. Mzee hakupoa pia. Nilimsikia akipongezwa na wageni kwa ile safu yake, na nilimwona akishukuru, kisha akibadilisha mazungumzo. Duba naye aliendelea kubeba maziwa, na kila Jumamosi ya kwanza alikuja stejini, akasimama nyuma, akasikiliza hadi mwisho. Mzee hakuwahi kumtaja wala kumtupia jicho. Nilimwuliza kwa nini. Akasema mfupa hauharakishwi.

Mwaka huu ulipoanza, sote tulihesabu siku za kustaafu kwake isipokuwa yeye. Mafunzo yake ya mwisho stejini yalikuwa Jumamosi ya tarehe 7 Februari. Wapanda pikipiki walikodi kipaza sauti na viti vya plastiki. Alipomaliza kuaga na watu kumpigia makofi, Duba alitoka nyuma. Baba yake, aliyempokea yule ngamia mbele ya wazee bila kujua lolote, alikuwa amefariki Novemba. Duba alichukua kipaza sauti kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama karibu, na nayaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Mimi sikugongwa na ngamia. Nilianguka tu mimi mwenyewe, hapo kwa laga. Hiyo ngamia ya Mama Asho haikuwa hata karibu. Niliogopa jina, halafu nikaogopa kumwaibisha mzee wangu akiwa hai. Sasa Ramadhani inakuja. Siwezi kufunga tena na hii kitu kwa tumbo."

Steji ya Wabera haikosi utani hata kwa mvua. Hakuna aliyesema Gunia.

Alhamisi iliyofuata, Duba na wazee wawili walimpeleka yule ngamia hadi kwa kaka yake Asho, pamoja na majike wawili aliowazaa katika ile miaka minane. Asho alikuwa amepanda gari la mapema kuwapokea. Aliwazunguka wote watatu polepole, akawashika nundu, akawatazama meno na kwato. Wazee wakaanza hotuba ya msamaha, akawaambia hotuba baadaye. Akamgeukia Duba, akamwuliza siku hizi anabeba maziwa ya nani. Duba akataja. Asho akasema: "Jumatatu kuja uchukue yangu pia. Saa kumi na mbili, si saa mbili. Na kwa mchanga, miguu juu."

Jumatatu hiyo, siku mbili kabla ya mwezi mtukufu, nilikuwa natoka zamu nilipoiona pikipiki ya Duba ikipita sokoni na mitungi ya Asho, imejaa hadi shingoni. Nilirudi hospitalini mbio. Mzee Lokaale alikuwa analowesha bandeji. Nilimweleza nilichokiona. Aliiacha bandeji ndani ya ndoo, akakaa kwenye benchi ya wagonjwa, akafunika uso kwa mikono yake myeupe, akalia. Nilimfungia mlango. Mgonjwa aliyekuwa juu ya meza, kwa adabu nyingi, alitazama dari.

Baadaye alifungua droo. Karatasi zake za kustaafu zilikuwa zimekaa humo wiki tano bila sahihi, na afisa wa utumishi alikuwa ameshachoka kumkumbusha. Alifuta vidole, akaomba kalamu, akasoma kila mstari hadi mwisho kabla ya kuandika chochote. Kisha akatia sahihi.

Mzee wetu, Mama Nakuam amekungoja kwa muda mrefu, na mbuzi wa Ngaremara wamekungoja zaidi. Chumba tunamkabidhi Judy Akiru, uliyemfundisha wewe, na tayari anafungulisha watu plasta mara mbili. Kwa niaba ya wauguzi, madaktari unaokana kuwa mmoja wao, wapanda pikipiki na wote wanaotembea leo kwa miguu uliyoinyoosha, tunakushukuru. Mungu akupe uzee mtamu, afya, na usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake. Nenda salama.

Farhiya Mohamud
Muuguzi, Chumba cha Dharura